Ramani ya mvua ichapishwe pamoja na shaka yake

Kwako Mhariri,

Kila Machi na kila Oktoba zinapokaribia, magazeti na simu hujaa ramani ya Kenya iliyopakwa rangi. Magharibi kijani, kaskazini mashariki hudhurungi, na juu yake maneno manene: mvua kubwa yaja. Kuanzia Molo hadi Budalang'i watu huitazama ramani hiyo wakaamua mambo mazito: wanunue mbegu gani, wavune lini, magunia wayahamishe au wayaache. Siku hizi wengi huongeza hatua moja. Huiuliza akili unde iliyo kwenye simu, nayo huwajibu kwa sentensi iliyonyooka yenye tarehe moja tu. Sisi tunaofanya kazi ya kuchora na kusoma takwimu za aina hii tunaliomba gazeti lako jambo moja: utabiri uchapishwe na shaka yake, kwa hesabu ambayo mkulima anaweza kuipanga mezani. Shaka ikifutwa kinachobaki ni rangi, na rangi haiwezi kulinganishwa na bei ya mbegu.

Tuanze na kile ambacho rangi yenyewe inasema. Utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, na ule wa kanda unaotolewa na ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha Afrika Mashariki, hujengwa hivi. Huchukuliwa mvua ya msimu huo kwa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, ikapangwa kuanzia mwaka uliokuwa mkavu kuliko yote hadi ule uliokuwa na mvua nyingi kuliko yote, kisha ikakatwa mafungu matatu ya miaka 10: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao anapaswa kulipatia kila fungu nafasi sawa, 10 kati ya 30. Wataalamu wakishatazama joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki na kuendesha hesabu zao kwenye kompyuta, huzigawa upya nafasi hizo. Tuseme, kati ya nafasi 100, eneo la Kisumu limepata 45 juu ya kawaida, 30 kawaida na 25 chini ya kawaida. Ramani hupakwa rangi ya fungu lililopata namba kubwa, basi. Kisumu inakuwa kijani.

Msomaji akiona kijani huhesabu kwamba mvua imeshathibitishwa. Lakini 45 haijafika nusu. Katika uchaguzi wa rais hapa kwetu namba hiyo ingetupeleka duru ya pili. Nafasi 55 ziko kwingine, na robo nzima imelala upande wa ukavu. Robo hiyo ikitokea, watu husema wametudanganya wa hali ya hewa, ilhali wataalamu waliitaja robo hiyo kwenye taarifa yao. Iliyoimeza ni rangi.

Na kuna mengine ambayo rangi haiyasemi. "Juu ya kawaida" haielezi ni juu kiasi gani. Milimita moja ikivuka mpaka wa fungu, mwaka umehesabiwa humo. Tena utabiri huo ni wa jumla ya miezi mitatu. Mvua inaweza kumwagika yote katika wiki tatu za Aprili, ikakatika mahindi yanapotoa ndevu, na jumla bado ikasoma vizuri kwenye daftari la idara. Shamba limekauka na utabiri umefaulu, vyote viwili kwa pamoja.

Mfano mkubwa tulio nao ni El Niño. Mwaka 1997 ilikuja na mafuriko ambayo kila mtu mzima wa Nyando anayakumbuka. Mwaka 2015 ilitangazwa El Niño nyingine yenye nguvu, watu wakajiandaa kwa gharama, na mvua haikufika ile ya 1997. Mwaka 2023 utabiri ulisema tena kuna nafasi kubwa ya mvua kupita kiasi. Ilipofika Oktoba kauli za hadharani zikagongana, wengine wakisema El Niño ipo, wengine haipo. Novemba mafuriko yakaja. Tukitazama mjadala ule wote, kosa lilikuwa katika swali lenyewe. El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki. Inasukuma nafasi za mvua yetu upande mmoja, hasa ikikutana na Bahari ya Hindi iliyopata joto upande wa magharibi, kama ilivyokuwa 1997 na 2023, lakini haileti mvua kwa amri. Taifa lilibishana kuhusu jina, na mtu wa Ahero alihitaji kujua ni mara ngapi kati ya 20 maji yangemfikia.

Rangi ina tatizo lingine ambalo wahariri wanaweza kulitatua wiki hii hii. Kwa mazoea ya ramani hizi, kijani na samawati ni mvua zaidi, manjano na hudhurungi ni ukavu. Mtu wa Rongai akiona kijani anafurahi. Mtu wa Budalang'i au wa uwanda wa Kano akiona kijani anapaswa kuogopa mafuriko, lakini jicho limezoea kwamba kijani ni usalama, kama taa za barabarani. Halafu ukurasa ukichapishwa bila rangi, kijani kilichokolea na hudhurungi iliyokolea hugeuka kijivu kimoja, na ramani inasema kitu kimoja kwa Kisumu na kwa Wajir. Dawa yake ni rahisi: fungu moja lichorwe kwa mistari ya mshazari, jingine kwa nukta, na namba tatu ziandikwe ndani ya kila eneo.

Namba nazo zinataka uangalifu. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Gerd Gigerenzer walitoa matokeo ya kuwauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya "asilimia 30 ya uwezekano wa mvua kesho". Kwa watabiri maana yake ni kwamba katika siku zilizofanana na hiyo, mvua hunyesha siku 3 kati ya 10. Wengi katika miji ile ya Ulaya walielewa kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya muda wa siku. Wengine, katika asilimia 30 ya eneo. Kama watu waliokulia na utabiri wa aina hiyo kila jioni wanakosea, hatuna sababu ya kumtupia msomaji wetu asilimia tupu. Asilimia iambatane na jina la kitu kinachohesabiwa: misimu, siku, mashamba, au nyumba.

Njia tunayoipendekeza ni punje 20. Gawio lile la 45, 30 na 25 likigeuzwa punje za mahindi linakuwa punje 9 za mvua nyingi, 6 za kawaida, 5 za ukavu. Zipange mezani, fumba macho, okota moja. Huo ndio msimu wako. Mtu akishaokota mara kadhaa na mkono wake ukaangukia zile tano za ukavu, ameelewa robo ni nini kuliko ambavyo ramani yoyote ingemweleza. Mchoro wa aina hii umejaribiwa. Huko Marekani, katika utafiti uliotolewa 2018, watu waliamua watoke nyumbani saa ngapi ili wasikose basi. Walioonyeshwa nukta zinazoweza kuhesabika waliamua vizuri zaidi kuliko walioonyeshwa dakika moja tu ya basi kufika. Sababu inaeleweka: nukta zinahesabika, na jicho halihitaji shule ya takwimu kuona zipi zimebaki mbele.

Kwa tarehe ya kupanda mchoro huu una kazi kubwa zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, mwanzo wa mvua za masika mahali fulani umepangwa kwa punje 20 juu ya kalenda hivi: mbili katika wiki ya 1 hadi 7 Machi, tatu wiki inayofuata, tano kati ya 15 na 21, nne kati ya 22 na 28, tatu wiki inayoishia 4 Aprili, mbili wiki inayoishia 11 Aprili, na moja ya mwisho inayoishia 18 Aprili. Anayepanda tarehe 15 Machi ana punje 5 nyuma yake na 15 mbele. Yaani mara tatu kati ya nne mbegu yake italala kwenye udongo ambao bado haujapokea mvua ya kweli, ikisubiri panya, ndege na mchwa. Anayengoja hadi 28 Machi amepitwa na punje 14. Anayengoja hadi 4 Aprili, 17. Kungoja kuna bei yake pia. Mbegu ya nyanda za juu kama H614 huchukua miezi sita hivi au zaidi, kwa hiyo kila wiki inayopotea mwanzoni inasukuma uvunaji kuelekea mvua za Oktoba na Novemba, ambazo huozesha mahindi yakiwa shambani. Mwenye H513, inayokomaa mapema, anaweza kungoja punje zaidi zipite. Hapo ndipo mchoro unapotoa majibu mawili tofauti kwa majirani wawili, na yote mawili yakawa sahihi. Wengi huamua kugawa shamba, nusu ekari tarehe moja na nusu nyingine wiki mbili baadaye. Ni uamuzi mzuri, na hauwezi kutokana na tarehe moja iliyoandikwa kwa wino mzito.

Tutahadharishe jambo ambalo hata maafisa huchanganya. Kigezo kinachotumiwa sana katika kanda hii kusema mvua imeanza ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3, bila kufuatiwa na siku 7 mfululizo za ukavu katika siku 21 zinazofuata. Sehemu ya pili ya kigezo inatazama mbele. Siku unayosimama shambani na jembe, siku hizo 21 hazijafika. Kigezo kinafaa kwa kuhesabu miaka iliyopita na kupanga punje. Kwa leo unahitaji utabiri wa siku 5 hadi 10, na kipimo chako mwenyewe cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, linatosha. Liwekwe mbali na paa na miti, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu, lisomwe kila siku saa tatu asubuhi kwa rula, kisha limwagwe. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Kopo linalokuwa jembamba kuelekea chini litakupa namba kubwa kuliko ukweli, na hilo ndilo kosa tunaloliona sana.

Kipimo cha shambani kina umuhimu kwa sababu data nyingi zinazolisha ramani na mashine hazikutoka shambani. CHIRPS, kwa mfano, ambayo hutumiwa na wengi, inaanzia 1981 na huchanganya setilaiti na vituo vya ardhini, ikitoa wastani wa mraba wa takriban kilomita 5 kwa 5. Karibu na ziwa, mahali upepo wa maji unapokutana na wa nchi kavu, mvua ya alasiri inaweza kupiga kijiji kimoja na kuruka kinachofuata. Mraba mmoja unavimeza vyote viwili. Kwenye skrini unaona rangi moja laini, na ulaini huo umetokana na hesabu ya kusawazisha.

Sasa uamuzi wenyewe. Hesabu yake ni fupi na ingefaa kuwekwa kando ya kila utabiri. Gawanya gharama ya kujikinga kwa hasara utakayopata usipojikinga. Jibu ndilo kizingiti chako: uwezekano ukikipita, jikinge. Mtu wa Budalang'i ana magunia 10 ya mahindi. Tuseme kila gunia ni shilingi 4,000, jumla 40,000. Gari la kuyapeleka mahali pa juu pamoja na ghala ni 4,000. Kizingiti chake ni 4,000 kwa 40,000, yaani mara 1 kati ya 10. Utabiri ukimpa mafuriko mara 5 kati ya 20, ahamishe, ingawa "kinachotarajiwa zaidi" ni kwamba mafuriko hayatakuja. Jirani yake mwenye magunia 2, thamani 8,000, akilazimika kulipa gari lilelile 4,000, kizingiti chake ni nusu. Kwa mara 5 kati ya 20 abaki, au awatafute wenzake watatu wachange gari. Ramani moja, maamuzi mawili.

Hesabu hii huharibika mahali patatu. Kwanza, watu huweka hasara kubwa kuliko ilivyo. Kama siku maji yakionekana bado unaweza kuokoa nusu ya magunia kwa mtumbwi, hasara yako ni 20,000, na kizingiti kinapanda hadi 1 kati ya 5. Pili, wengine huiweka ndogo kuliko ilivyo. Kama mahindi yale ndiyo chakula cha nyumbani hadi Agosti, thamani yake haiwezi kuwa bei ya soko ya leo, kwa kuwa utayanunua tena wakati wa njaa kwa bei ya njaa. Hasara inayomwangusha mtu kabisa haipimwi kwa shilingi peke yake, na mwenye hasara ya aina hiyo achukue hatua kabla hata ya kizingiti. Tatu, na hili ndilo linalovunja imani ya watu: anayejikinga kwa mara 5 kati ya 20 atahama bure mara 15. Asipoambiwa hilo mapema, mara ya pili maji yasipofika atasema utabiri ni uongo, na mara ya tatu hatahama. Hizo mara 15 ni kama ada ya bima, na idadi yake itangazwe siku ileile ya onyo.

Mpaka wa eneo la mafuriko kwenye ramani nao huchorwa kwa mstari mkali, na aliye hatua kumi nje ya mstari hulala usingizi. Marekani wana tatizo hilohilo na ule mchoro wao wa pembe unaoonyesha njia ya kimbunga. Pembe ile hupimwa ili makosa ya utabiri wa miaka mitano iliyopita yaangukie ndani mara mbili kati ya tatu. Maana yake kitovu cha kimbunga hutoka nje ya pembe karibu mara moja kati ya tatu. Lakini watu huusoma ukingo kama ukuta wa usalama, na wengine hudhani pembe ikipanuka kimbunga chenyewe kimenenepa. Kwetu, ukingo wa eneo la hatari ungechorwa ukififia taratibu, vivuli vitatu au vinne, kila kimoja na hesabu yake kati ya 20.

Tufike kwa akili unde, maana huko ndiko maswali mengi yanapoelekea. Tutenganishe mashine za aina tatu, kwa kuwa shaka zake hazifanani.

Ile ya kuzungumza nayo kwa maandishi hutunga jibu neno baada ya neno kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa. Isipounganishwa na utabiri wa sasa, haijui anga la mwaka huu. Ukiiuliza "nipande lini Ahero?" itakupa tarehe kwa lugha tamu, na lugha tamu haimaanishi ina uhakika. Iulize hivi: taja tarehe ya mapema kabisa, ya katikati na ya mwisho, na ueleze utabiri uliotumia ni wa tarehe gani. Kisha fungua mazungumzo mapya mara tano na uulize swali lilelile bila kubadilisha neno. Tarehe zikirukaruka wiki tatu, umeona upana wa shaka yake. Zikifanana zote, usishangilie bado. Mashine inaweza kurudia kosa moja mara tano kwa sauti ileile. Na kabla hujaiuliza, andika makisio yako kwenye karatasi. Anayeona jibu la mashine kwanza huacha kutazama udongo, na makisio yake hujikunja kulifuata jibu. Hili tunalisisitiza kuliko yote katika aya hii.

Ya pili ni ile ya picha, inayotazama jani na kutaja ugonjwa. Nuru, programu iliyoundwa kwa mihogo, hufanya kazi kwenye simu bila intaneti na imewafaa wakulima wengi. Lakini mashine za jamii hii huchagua miongoni mwa magonjwa zilizofunzwa. Isipojengewa nafasi ya kusema sijui, ukiipa picha ya jani la mgagani huenda bado ikachagua batobato, ugonjwa wa mihogo. Ile "asilimia 97" inayotokea kwenye skrini pia isichukuliwe kama ilivyo. Tangu utafiti wa 2017 inajulikana kwamba mashine za kisasa za jamii hii hujiamini kuliko zinavyostahili. Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi, madaktari wakiwemo, huikosea. Tuseme kati ya mimea 1,000, 50 ina ugonjwa. Mashine inagundua 9 kati ya kila 10 iliyougua, na kwa mimea mizima inakosea 1 kati ya 10. Itapiga kelele kwa mimea 45 iliyougua kweli na kwa mimea 95 isiyo na kitu. Kelele 140, za kweli 45. Anayeng'oa kila mmea uliotajwa anang'oa miwili mizima kwa kila mmoja mgonjwa. Mwezi ugonjwa ukishaenea, mimea 500 ikiwa imeugua, kelele za kweli ni 450 na za uongo 50. Mashine ni ileile, kilichobadilika ni shamba. Kwa hiyo kabla ya kung'oa, tembea mstari mzima, hesabu dalili kwa macho katika mimea 30 iliyotawanyika, ndipo uamue uzito wa kelele.

Ya tatu hutabiri maji ya mito. Inajifunza kutoka mito mingi yenye vipimo na kuhamishia mafunzo hayo kwa mito yenye vipimo vichache. Kwa Nzoia ina msaada wa kweli, kwa sababu mvua ya Cherang'any na Mlima Elgon hufika Budalang'i wakati anga la huko ni jeupe na hakuna anayehisi hatari. Lakini inachotabiri ni wingi wa maji mtoni. Haijui tuta lililotobolewa na panya, wala mahali ng'ombe wamelishusha wakienda kunywa. Mto unaweza kubaki chini ya alama ya hatari na tuta likavunjika. Unaweza kuipita na tuta likashika. Kila onyo la mashine lisomwe pamoja na ripoti ya mtu aliyetembea juu ya matuta wiki hiyo.

Kuhusu michoro ya kiwango cha ziwa, tuna neno fupi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka alama iliyowekwa 1964, baada ya kupanda zaidi ya mita moja tangu mvua za mwisho wa 2019. Uso wa ziwa uko kama mita 1,135 juu ya bahari. Ukianzisha mhimili wa mchoro kwenye sifuri, mita hiyo moja haionekani kabisa. Ukiuanzisha kwenye 1,134 inaonekana kama ziwa limemeza dunia. Sheria ya darasani kwamba mhimili uanze sifuri haifai hapa. Chora mstari wa sakafu ya banda la samaki, mstari wa kizingiti cha mlango wa shule, mstari wa 1964, na msomaji ataona anachohitaji. Pia andika maji yanasogea kiasi gani nchi kavu: ufuo ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, kama ulivyo ufuo tambarare, mita moja ya kimo ni mita 50 za shamba la mtu.

Mwisho ni daftari la alama, kwa kuwa utabiri usiohesabiwa alama haujifunzi, uwe wa binadamu au wa mashine. Kipimo cha Glenn Brier cha 1950 kinatosha kwa kalamu. Andika uwezekano uliotajwa kama sehemu ya moja, toa 1 ikiwa jambo limetokea au 0 ikiwa halikutokea, zidisha jibu kwa lenyewe. Aliyesema 0.8 na mvua ikaja anapata 0.04. Aliyesema 0.8 na mvua isije anapata 0.64. Anayesema 0.5 kila siku atabaki na 0.25 milele. Mwenye wastani mdogo ndiye bora. Siku 30 zinaanza kukupa mwanga. Siku 5 hazikupi chochote. Usilinganishe mashine na sifuri, ilinganishe na mtu anayetaja tu kile ambacho miaka 30 iliyopita imezoea. Ikishindwa kumpita huyo, haina haja ya kulipiwa data ya simu.

Tunaliomba gazeti lako, basi, lianze na msimu mmoja. Safu mbili kwa sentimita 10 zinatosha. Ndani yake ziwemo punje 20 kwa kila eneo, yaani Kisumu na Nyando, Busia, Kakamega, Nakuru ya juu na Nakuru ya chini. Namba tatu za idara bila kusawazishwa. Tarehe utabiri ulipotolewa na tarehe ya mwisho wa uhalali wake. Na ile hesabu ya gharama kwa hasara katika sentensi moja. Na utabiri wa Machi hadi Mei ukishachapishwa hivyo, matokeo yachapishwe wiki ya pili ya Juni katika ukurasa uleule, punje iliyotokea ikiwa imetiwa wino, hata kama ni moja ya zile tano za ukavu.

Wachoraji na wachanganuzi wa takwimu za mvua na kilimo,
Kisumu na Nakuru